Nyumba ya Baba na Wageni wa Kulipa

Mwanzoni mwa mwaka 2023 kaka yetu mkubwa, ambaye nyumbani twamwita Yaya kwa desturi ya Katanga, alitukalisha chini ya mwembe wa uani kwetu Kolwezi, akatoa simu yake, akatuonyesha picha. Zilikuwa picha za chumba kimoja: makochi meupe, zulia jeupe, dari iliyoshushwa yenye taa za samawati zilizofichwa pembeni, na ukutani picha kubwa ya twiga wawili. Tukamwuliza chumba hicho ni cha nani. Akajibu, "Ni hiki chetu, kikiisha kutengenezwa."

Maana yake ilikuwa hii. Tangu migodi ya shaba na kobalti ilipopata nguvu mpya, na tangu Kolwezi ulipofanywa mji mkuu wa jimbo la Lualaba mwaka 2015, wageni hawaishi kuja: mainjinia, wanunuzi wa madini, watu wa serikali. Wengi wao hukaa siku nne au tano tu, wala hawapendi hoteli. Wapenda nyumba yenye jiko lake na mlango wake. Yaya alikuwa amekwisha piga hesabu. Nyumba aliyotuachia Baba ina salo, vyumba vitatu vya kulala, na veranda. Vyumba vyote vitatu vipambwe, salo igeuzwe kama ile ya picha, naye Mama ahamie katika kijumba cha uani, ambacho zamani kilikuwa ghala la mahindi na makaa.

Mama alikuwa karibu nasi akitwanga sombe. Hakusema neno.

Wasomaji wapenzi, sisi tu mwalimu, na mwalimu hubishana kwa shida na ndugu mwenye fedha. Tulimwomba Yaya atupe muda. Akasema, "Vema. Wewe wapenda mambo ya kale. Nenda Unguja ukaone wenzetu wanavyopata mali kwa nyumba za babu zao, kisha urudi utuambie." Twadhani alisema hivyo ili tumwache na mipango yake. Lakini shemeji yetu huendesha lori la shaba kwenda bandari ya Dar es Salaam, na likizo ya Julai ilipofika tulipanda naye. Ni safari ya kilomita zaidi ya 2,000, kupita Lubumbashi na Kasumbalesa, kisha Zambia hata Tunduma. Juu ya foleni za malori mipakani mtu angeweza kuandika gazeti zima, sisi twaziruka. Shemeji alikuwa na rafiki bandarini ambaye baba yake ni fundi wa lipu huko Unguja. Ndivyo ilivyotokea kwamba tuliposhuka chomboni, baada ya kama saa mbili za bahari ambazo tumbo letu halikuzipenda, palikuwa na mzee mwenye kofia ya kazi akitungoja gatini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Maalim. Karibu mjini."

Kwetu twaitwa Mwalimu, kwao Maalim. Tulijiona tumepandishwa cheo.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliandikwa mwaka 2000 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Twajua wengi wenu mmeuona katika picha: vichochoro vyembamba, milango ya nakshi, bahari mbele. Yule mzee alikuwa akimaliza kazi katika nyumba moja ya mtaa wa Kiponda, ghorofa ya pili, iliyotengenezwa kwa kupangishwa watalii kwa usiku mmoja mmoja. Wageni walikuwa wafike Jumamosi. Sisi tulifika Alhamisi. Bei ya usiku mmoja tuliambiwa. Tulianza kuilinganisha na mshahara wetu wa mwezi, kisha tukaacha.

Kwa nje nyumba ile haikuwa na la kutamanisha. Lipu ilikuwa imebanduka, nyaya za umeme zimening'inia kama kamba za kuanikia nguo. Mbele palikuwa na baraza ya mawe, na wazee wawili walikuwa wamekaa wakinywa kahawa. Mlango wenyewe ni wa mbao nzito, umechongwa maua, na mnyororo umechongwa pembeni kuuzunguka wote, na katikati una misumari mikubwa ya shaba ya manjano. Sisi watu wa nchi ya shaba tuliigusa misumari kabla ya kugusa kitasa.

Tulipopanda ngazi na kuingia, jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba kuta zilikuwa tupu. Tulikuwa tumetazamia mapambo tele, kama mtu anavyotazamia nyumba ya tajiri. Kumbe palikuwa na weupe wa chokaa tu, wenye mawimbi madogo ya mkono wa fundi, na sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta hata ikang'aa. Kitanda kilikuwa kile cha zamani cha Kizanzibari, cha miguu ya kukerezwa, kirefu kwenda juu hata kina kipandio chake, na kichwani kimetiwa vigae vya maua. Meza ilitengenezwa kwa mbao za jahazi lililochakaa, na matundu ya misumari yake ya zamani yaliachwa yaonekane. Chini ya dirisha palikuwa na kasha la njumu, ambalo zamani lilikuwa la mali ya bibi arusi. Tulilifungua kwa ruhusa, tukakuta mablanketi ya akiba. Mashine ya kupoza hewa ilikuwapo pia, ila ilifichwa nyuma ya kimia cha mbao, kama mtoto mtundu siku ya ugeni.

Chumba kilikuwa kirefu na chembamba mno. Tulimwuliza mzee kwa nini tajiri aliyejenga nyumba kubwa hivi alijibana. Akacheka, akatuonyesha dari.

"Maalim, chumba hiki hakukipima tajiri. Kilipimwa na mti."

Ndipo akatueleza ya kuwa dari zote za nyumba za kale hushikwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyokatwa katika delta ya Rufiji na pwani za Lamu, nayo hufaa kwa upana wa mita 3 hivi, si zaidi. Mwenye kutaka chumba kikubwa alikirefusha, hakukipanua. Madirisha nayo ni marefu, yashuka karibu na sakafu, ili upepo umpate mtu aliyeketi juu ya mkeka. Kuta zina unene wa nusu mita na zaidi. Kwa hiyo chumba kile, hata katika joto la Unguja, kilikuwa na ubaridi wa kisima kabla ya mashine yoyote kuwashwa.

Tulikaa kutwa nzima tukimtazama akipiga lipu ya bafu. Hii ndiyo sehemu ambayo twapenda mwisikilize vizuri, hasa ninyi vijana mnaojifunza ujenzi. Chokaa yake hutoka katika mawe ya matumbawe yaliyochomwa tanuruni; huzimwa kwa maji, kisha hulazwa majuma mengi kabla ya kutumika. Ukuta wa matumbawe hunywa maji ya mvua na ya bahari, na jua likiwaka huyatoa tena, nayo chokaa huyaacha yapite. Fundi mwenye haraka huupaka saruji. Saruji ni ngumu na hupendeza mwaka wa kwanza. Lakini maji yakiisha kupenya kwa ufa hayapati njia ya kutoka, chumvi hukusanyika ndani, na vichwa vya boriti huoza pale pale vinapoingia ukutani, pasipoonekana na mtu. "Nyumba hufa ndani huku uso wake umepakwa poda," alisema. Yeye alikuwa ametumia miezi mitatu kubandua saruji waliyoipaka wengine, na mwezi mmoja tu kurudisha chokaa.

Jioni ya siku ile tulipita mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja uliporomoka, watu wawili wakafa, wakati mafundi walikuwa kazini kulitengeneza. Hatusemi saruji ndiyo iliyoliangusha. Lakini tulitazama pale palipokuwa na kuta zake, tukakumbuka mgodi wa Kamoto ulivyoporomoka Septemba 1990, nasi tulikuwa mtoto mchanga. Ni habari tuliyolelewa nayo, kwa maana Baba alikuwa mtu wa migodi.

Kesho yake tulirudi Kiponda. Juu ya kochi palikuwa na mito iliyoshonwa kwa kanga za rangi nzuri. Kila kanga ina maneno yake, kama mjuavyo. Aliyeshona alikuwa ameikata katikati ya maneno, nusu ikabaki mto huu na nusu mto ule. Tulijaribu kuisogeza mito ili tusome, herufi hazikukutana. Mzee akatuona.

"Mgeni hasomi," alisema kwa upole. Kisha akaonyesha kidaka kimoja ukutani, ambamo mpambaji alikuwa amepanga makombe matatu ya baharini. "Hapo palikaa msahafu wa mama yangu. Na chini yake chupa za dawa."

Tulidhani hatukusikia vizuri. Akaeleza. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi wenye nyumba waliondoka au waliondolewa, serikali ikazitwaa nyumba nyingi, ikazipangisha kwa watu waliokuwa hawana. Katika nyumba ile waliingia jamaa sita. Yeye alizaliwa katika chumba ambacho sasa ni jiko la wageni. Hakutupambia habari zake: paa lilivuja, choo kilikuwa kimoja, hakuna aliyekuwa na fedha za chokaa, na kila mmoja alingoja mwenzake aanze kutengeneza. Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985. Watalii walipozidi, nyumba ikapata mtu wa kuikodi, na jamaa zote sita zikahama. Wao walikwenda Ng'ambo, ng'ambo ya kile kilichokuwa mkono wa bahari na sasa ni barabara ya Darajani.

"Ulisikitika, Mzee?"

"Nilisikitika. Kisha nikaitwa kuja kuitengeneza." Akachovya mwiko, akaendelea na kazi.

Kabla ya kuondoka alitupeleka Shangani kuuona mlango wa nyumba ya Hamed bin Muhammed, ambaye wote wamjua kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905. Mzee aliuonyesha kama kazi nzuri ya mbao, nayo ni nzuri kweli. Sisi tulisimama pale na moyo mwingine. Mtu yule alipata utajiri wake katika mto wetu. Lualaba huanza si mbali na Kolwezi. Na huko kaskazini, Nyangwe na Kasongo, watu wake walikusanya pembe na watumwa, wakavipeleka pwani kwa miguu. Nchi yetu ya kusini nayo haikuwa na mikono mitupu: Msiri wa Bunkeya, hata alipouawa mwaka 1891, aliuza shaba na pembe na watu vilevile. Kwa hiyo mtu wa Lualaba asitembee Mji Mkongwe akidhani yu mgeni kabisa. Sehemu ya weupe ule wa kuta ililipwa na kwetu. Tulimwambia mzee. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi nyumba hii yako, Maalim," nasi hatukujua kama ni mzaha.

Njiani kurudi, katika lori, tulitunga hotuba yetu kwa Yaya. Tuliona tumeshinda kabla ya kufika.

Nyumba ya Baba, tuliwaza, ina yake ya kuonyesha pasipo kuazima twiga. Matofali yake aliyafyatua mwenyewe kwa udongo wa kichuguu kilichokuwa hapo hapo kiwanjani, kikubwa kuliko nyumba yenyewe, maana vichuguu vya Katanga ndivyo vilivyojenga nusu ya miji yetu. Akayachoma kwa kuni, na rangi yake haifanani hata tofali kwa tofali. Paa aliliinua juu sana ili joto la mabati lisimfikie aliyeketi. Ile dari ya kushushwa yenye taa za samawati ingeubana upepo ule ule aliouacha. Na ukutani mwa salo, tangu kabla hatujazaliwa, pamening'inia sahani ya shaba nyekundu iliyofuliwa kwa nyundo, na kando yake Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, aliyechorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga. Wazee wanajua: katika miaka ya 1960 na 1970 salo nyingi za wafanyakazi wa Katanga zilikuwa na picha kama hiyo, iliyonunuliwa kwa mchoraji aliyepita mlango kwa mlango, nayo ilikuwa ya kuwapa wageni mazungumzo. Padre mmoja alimwuliza Baba kwa nini Mamba Muntu akae ukuta mmoja na Bikira Maria. Baba akajibu, "Padre, huyu ni wa kuongea, yule ni wa kusali." Padre alicheka, akaomba chai.

Basi tulifika. Tulimkalisha Yaya katika salo ile ile, Mama akiwa mlangoni na kitambaa chake cha kushona, tukasema saa nzima. Tulisema juu ya chokaa na saruji. Tulimweleza ya kwamba vyumba vizuri tulivyoona ni vile vilivyoachiwa kufanya kazi yao ya zamani. Kwamba mgeni aliyetoka mbali, twiga amekwisha waona uwanja wa ndege. Tulimkumbusha pia Kasulo, mtaa wa jirani zetu: jinsi mwaka 2014 kobalti ilivyogunduliwa chini ya nyumba, watu wakatoboa sakafu za vyumba vyao wenyewe wakashuka humo na koleo, na jinsi mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilivyohamishwa ikazungushiwa ukuta. Tulisema kwa ufasaha. Yaya, lazima tukiri, alisikiliza. Hata aliinuka akapapasa matofali kama anayeyaona mara ya kwanza. "Dari naiacha," alisema. "Na kuta. Na huyo samaki wako abaki."

Tulikuwa karibu kufurahi. Ndipo Mama alipouliza, bila kuinua macho:

"Na huyo mzee fundi, sasa analala wapi?"

Tukajibu kwamba analala Ng'ambo.

"Ni mbali?"

"Si mbali, Mama. Ni kuvuka barabara tu."

"Basi," alisema Mama, "na uani pia si mbali."

Hakuongeza kitu. Wasomaji wapenzi, katika saa nzima ya ufasaha wetu hatukuwa tumetaja kijumba cha uani hata mara moja. Tulikuwa tumesafiri kilomita zile zote, tumeonyeshwa kidaka cha msahafu kwa kidole, tukarudi tumebeba habari za chokaa. Tulimtazama Yaya, naye alikuwa akiitazama simu yake iliyozimika. Mama aliinuka akaenda kuangalia moto.

Siku tatu Yaya hakuja. Siku ya nne alikuja na fundi wa kupima, wakapima vyumba viwili badala ya vitatu. Cha Mama hakuingia. Alisema tu ya kuwa kijumba cha uani kingefaa kwa jenereta, na Mama akasema kingefaa zaidi kwa mahindi, kama zamani, wakapatana kukigawa.

Kazi ilichukua miezi miwili. Matofali yalisuguliwa kwa brashi na maji. Vitanda alivichonga seremala wa mtaani kwa mbao za mninga. Mapazia ni vitenge, navyo tulisimamia wenyewe visikatwe katikati ya ua. Sahani ya shaba ilisuguliwa kwa ndimu na chumvi. Bafu ni la kisasa kabisa, maana mgeni husamehe mengi lakini si maji. Tulikosea jambo moja: salo tuliiacha giza kidogo, na mgeni wa kwanza, injinia kutoka Zambia, alilalamika kwamba hawezi kusoma karatasi zake. Tuliongeza taa mbili. Jioni ya pili alimwuliza Mama yule mwanamke samaki ni nani, na sisi tulipopita saa tatu usiku kuchukua ufunguo tuliwakuta wangali wakiongea.

Yaya ana daftari la nyumba, la mistari iliyonyooka, kama mtu wa hesabu alivyo. Chumba cha 1, siku kadha, fedha kadha. Chumba cha 2 vivyo hivyo. Na kila mwisho wa mwezi huandika mstari wa tatu: Chumba cha 3, hakuna mapato. Mwezi uliopita tulimkuta Mama amevaa miwani yake, daftari liko magotini. Alitaka kujua kwa nini vyumba viwili vya kwanza vina majina ya waliolala, na cha tatu hakina.

Tulichukua kalamu, tukaliandika jina lake.